Kompyuta ya Wakfu

Asubuhi nilikuwa nikiiwasha kompyuta ile, natia udhu, nasali rakaa zangu mbili za dhuha, nakunja mswala, na nikirudi bado inazungusha kile kiduara chake. Naitukana kimoyomoyo. Kisha nakumbuka kwamba hii si kompyuta ya kutukanwa, naomba msamaha. Siku nyingine hutukana na kuomba msamaha mara tatu kabla wasichana hawajaingia, nami sijui hata nani aliyekuwa akinisikiliza.

Ilikuwa mali ya wakfu. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kizingitini, kijana wa miaka thelathini na kitu, akaugua figo, akafa. Siku ya arubaini mamake aliiteremsha kutoka juu imefungwa ndani ya leso mpya, akaiweka mbele yetu sisi walimu wawili wa chuo cha Kurani cha wasichana, chuo ambacho ni chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, mtaa wa nyuma hapa kisiwani Amu. Akasema mbele ya mashahidi kwamba ni wakfu kwa ajili ya mwanawe: haiuzwi, hairithiwi, haitoki chuoni. Kila msichana atakayesoma herufi kwa kompyuta ile, thawabu zimwendee marehemu. Halafu akanigeukia mimi.

"Mwalimu, umesikia? Ikifa hini, mwanangu amekatikiwa."

Nikasema nimesikia. Ulimi wangu ni mwepesi wa kukubali kama ulivyo mwepesi wa kugomba, na yote mawili yameniponza.

Alinigeukia mimi kwa sababu nina cheti cha kompyuta. Nilikipata zamani, wiki nane za mafunzo, tukafundishwa kupiga chapa, kuchora jedwali na kubadili rangi ya maandishi. Hapa petu cheti hakina mwisho. Tangu nilipokitundika ukutani naletewa simu zilizoanguka kwenye maji, redio zisizoshika, na siku moja feni. Nikisema sijui, watu hudhani naringa. Basi nimezoea kukunja uso, kukigeuza kitu huku na huku, na kusema, "Kiwache hapa, nitakitazama."

Mwaka wa kwanza kompyuta ilitufaa sana. Tuliwakuzia wasichana maandishi ya msahafu hata aliyekaa nyuma karibu na mlango akayaona, tukawasikilizisha visomo, tukawaonyesha picha za ulimi na meno wapate kujua herufi inatoka wapi. Mamake marehemu alikuwa akishuka, anakaa kwenye ngazi, anasikiliza, na midomo yake inakwenda. Nikimwona hivyo nilikuwa nikifurahi, nikijiona nami nina fungu langu.

Kisha ikaanza kuzeeka. Ikawa nzito, ikawa inafikiri. Umeme ukikatika, nao hukatika, zamani betri ilikuwa ikitufikisha mwisho wa darasa la alasiri bila wasiwasi. Sasa ilikuwa ikitufikisha katikati ya aya. Skrini inakuwa nyeusi, wasichana wanabaki midomo wazi, na mimi najaliza aya kwa kichwa huku nikipaza sauti, kwa kuwa nilijua yule mama yuko kwenye ngazi.

Nikaingia kwenye simu yangu kutafuta dawa. Mmoja anasema usiiwache kompyuta kwenye chaja, utaiua. Wa pili anasema iwache kwenye chaja, ukiichomoa ndiyo unaiua. Wa tatu, bwana mmoja mwenye kusema mbio kana kwamba anafukuzwa, alisema ikishafika umri huo nunua nyingine. Nilimzima huyo. Nikapunguza mwanga wa skrini, nikafunga intaneti, nikaondoa vitu vilivyokuwa vikijiwasha vyenyewe pamoja na kompyuta, ambavyo sikuwa najua kama vipo wala nani aliyevialika. Nikaondoa na neno la siri, maana lilikuwa likiwachelewesha wasichana. Kisha nikaambiwa diski imejaa, nipunguze mizigo.

Hapo ndipo nilipokutana na mizigo ya marehemu. Kulikuwa na nyimbo, na michezo ya mpira, na video ya harusi ambayo wanaume wanacheza kirumbizi na yeye mwenyewe yumo, bakora mkononi, anacheka. Kulikuwa na sauti za watoto wa darasa lake wakiimba jedwali la saba, na yeye anasema, "Tena." Nikaduwaa. Kama kila kisomwacho humu thawabu zinamwendea, hizi nyimbo nazo zinamwendea nini? Nilimuuliza mwalimu mwenzangu. Akajifunika uso kwa buibui, akasema nisimtie katika mambo hayo. Sikuthubutu kufuta kitu cha mtu aliyekufa, na sikuthubutu kukiwacha. Mwisho nilivihamisha vyote kwenye flashi, nikaifunga kwa karatasi, nikaitia kabatini. Mpaka leo sijui kama nilifanya jambo la dini au la woga.

Kompyuta ilifanya wepesi siku mbili. Siku ya tatu ikarudia yale yale, na juu yake likazuka jambo lililonitoa akili.

Jioni kabla ya magharibi nilikuwa nikiizima sawasawa, nangoja skrini iwe nyeusi, nachomoa chaja, naifunika kwa kitambaa cheupe cha kufuma alichokitengeneza yule mama kwa mkono wake. Asubuhi nakuta kitambaa kimekaa vile vile, lakini chaja imechomekwa, kompyuta inawaka, na tumbo lake ni moto kama chapati iliyoepuliwa sasa hivi. Mara ya kwanza nilisema nimesahau. Mara ya pili nilisema ni mwenzangu amesahau, nikamgombeza, akaapa, nikaona haya. Mara ya tatu nikaanza kujishuku. Mamangu alianza kupotewa na mambo katika umri kama huu wangu, akawa anatia chumvi mara mbili. Nikawa kila jioni najiandikia kwenye kiganja kwa kalamu: *nimezima*. Asubuhi nasoma kiganja, naitazama kompyuta, sijui nimwamini nani.

"Hao ni majini," mwenzangu akaniambia. "Majini nao wako Waislamu. Wataka kusoma."

"Basi wasome, kisha waizime!" nikamjibu. "Hata majini hawana adabu siku hizi?"

Nilisema hivyo kwa ukali, lakini nilipobaki peke yangu nilisoma Ayatul Kursi kuelekea kompyuta, na nilijiona mjinga. Ufunguo wa chuo tulikuwa nao sisi wawili tu. Kulikuwa na mlango wa ndani, ule wa ngazi ya kwa mama wa marehemu, lakini mtu asiyejua kompyuta inafunguliwa upande gani sikumtia katika fikira.

Ikabidi aitwe fundi, na kwa vile wakfu hautoki chuoni, ilibidi yeye aje. Ni mtu wa bara, ana duka lake la simu upande wa bandarini, amekaa Amu miaka mingi ila Kiswahili chake hakijaamua kuhamia. Alivua viatu, akakaa juu ya jamvi, akaifungua kompyuta mgongo kwa bisibisi ndogo.

"Mwalimu, hii mashine imechoka," akasema. "Ona betri imefura. Na hapa kwa feni kumejaa nyuzi. Mnaifunika blanketi?"

"Ni kitambaa cha kufuma."

"Ikiwa on?"

"Ikiwa imezimwa," nikasema, nikatazama kiganja changu.

Akasema njia rahisi ni kuiuza kwa vipuri tupate nyingine iliyotumika kidogo. Nikamwambia bura yangu sibadili na rehani. Akaniangalia. Nikaona maneno yamempita, nikamweleza kwamba haiuzwi, ni wakfu, ina mwenyewe kaburini. Akakuna kidevu. Basi, akasema, tubadilishe betri, tubadilishe diski tutie hizi mpya zisizozunguka, tuongeze kumbukumbu, tusafishe feni. Vipuri vitatoka Mombasa. "Itakuwa kama mpya," akasema, akidhani amenipoza moyo.

Kabla ya kufunga, akaandika maneno fulani, kompyuta ikatoa ripoti ya betri yake: lini iliwaka, lini ililala. Mimi sikuwa najua kwamba inatuandikia. Akaisoma kwa kidole.

"Hapa ndiyo shida. Kila siku inawashwa jioni, kitu saa kumi na mbili na nusu hivi, inakesha mpaka asubuhi. Kila siku, mwalimu. Hata Ijumaa, na hakuna class."

Saa kumi na mbili na nusu. Ni baada tu ya adhana ya magharibi. Kwa hivyo sikuwa napotewa na akili, na haikuwa mashine. Alikuwa ni mtu. Hasira zilinipanda. Nilisimama katikati ya chumba nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Mwenye kufanya haya Mungu amlipe alitendalo! Anamkatia maiti thawabu zake! Na yeye akatikiwe!"

Fundi aliinama akaendelea na bisibisi yake.

Alipoondoka nilibaki na lile neno lake, kama mpya. Diski mpya, betri mpya, kumbukumbu mpya. Basi wakfu umebaki wapi, kwenye kifuniko? Jioni ile nikaenda kwa shekhe aliyetusomesha tangu tukiwa wasichana. Akanisikiliza, kisha akauliza:

"Msikiti ukibadilishwa boriti, umekuwa msikiti mwingine?"

"La, shekhe."

"Haya."

"Lakini kama ni boriti zote? Na kuta?"

Akacheka. Kisha akaniuliza yeye. "Mwenye kuweka wakfu alinuia nini? Chombo chenyewe, au manufaa yake? Nia ndiyo itakayokuonyesha ndia. Nenda kamuulize." Nilikuwa nimekwenda na swali moja, nikarudi nayo mawili.

Asubuhi ya pili nikakuta kompyuta imezimwa. Ilikuwa baridi, chaja ipo chini kama nilivyoiwacha. Nilifurahi, siwezi kusema uongo. Nikamwambia mwenzangu, umeona? Apizo limempata. Tukasomesha. Saa nne nikatambua kwamba ngazi ni tupu, na nilipofikiri nikakumbuka kwamba mama hakushuka tangu jana. Nikasema vizuri, nitampandia mwenyewe, na swali la shekhe ninalo.

Nilimkuta amekaa kitandani, leso kichwani, na sahani ya mahamri pembeni haikuguswa. Nikamwamkia. Hakunitazama.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe nini, mama?"

"Uliyemuapiza."

Wazee husema mwapiza la nje hupata la ndani, na mimi msemo huo nimewafundisha wasichana, nimewapa na mifano. Nilikaa chini pale sakafuni. Hata kiti sikukiona.

"Mkenda zenu magharibi naterema," akaendelea, kwa sauti ya mtu anayejieleza kwa mkubwa wake, na yeye ni wa kunizaa. "Nabonyeza kile kidude. Nalikuwa nikimuona marehemu akibonyeza. Naitia umeme, naifinika isiingie vumbi, nenda zangu. Alfajiri nikisha kusali naiyona kwa mlangoni, nalala kidogo. Sikugusa kitu kingine, mwanangu, wallahi."

"Lakini kwa nini, mama? Hakuna mtu pale. Hakuna anayesoma."

Alinitazama kwa mara ya kwanza, na akanishangaa, kana kwamba mimi ndiye niliyesema jambo lisilo na maana.

"Nyanyangu alikuwa na taa yake msikitini. Akipeleka mafuta kila wiki hata akafa. Taa ya wakfu huzimwa? Wasichana wakiondoka, mwanangu hukaa na nini hata asubuhi? Wewe humjui. Tangu udogo wake alikuwa akiogopa kiza. Hata Kizingitini, mtu mzima, mwalimu, hakulala asipowasha taa."

Nina majibu ya hayo. Ni majibu ninayowapa watoto wa miaka saba: thawabu ni za kusoma, si za umeme; kaburi lina nuru yake kwa Mola wake. Nilifungua mdomo kutoa mojawapo. Nilichokipata kilikuwa cha fundi, nikakitoa vile vile kilivyo, kwa sababu nilichanganyikiwa na ukweli huo ndio uliokuwa karibu.

"Mama, huchemka. Imefunikwa, inawaka usiku kucha, inachemka. Ndiyo sababu inakufa upesi."

Akaweka mkono mdomoni. "Basi nimemkatia mwenyewe."

Nililia mimi kabla yake. Nilimshika miguu nikamwomba radhi kwa apizo langu, nikamwambia halikumpata, halimpati, Mungu hakusikia au alisikia akanijua nilivyo. Akanipiga begani niwache. Tulipotulia, nikamuuliza lile swali, maana sikuwa na jingine la kushika.

"Shekhe auliza, ulinuia kompyuta yenyewe, au manufaa yake?"

Akafikiri. "Nalinuia asikae peke yake," akasema.

Jawabu hilo silo alilolitaka shekhe, na sikujua nilitie katika fungu gani. Sikumrudia shekhe. Nilimpigia fundi nikamwambia aagize vipuri.

Vilifika kwa basi na mashua baada ya siku kumi, na kwa siku kumi hizo tulisomesha kwa ubao. Fundi alipoitoa diski ya zamani akataka kuitupa ndani ya mfuko wake. Nikaipokea, nikaiweka pamoja na ile flashi kwenye kabati la juzuu zilizochakaa, zile zinazongoja kwenda kuzikwa baharini. Hakuuliza, amekaa Amu vya kutosha. Akaipuliza feni, likatoka donge la nyuzi nyeupe. Akanionyesha mambo: chaji isipite asilimia themanini, kompyuta isiwekwe juu ya mto, isifunikwe ikiwa inawaka. Na akanionyesha jambo moja nililomuuliza mara tatu mpaka akachoka nami: ukiifunga kifuniko bila kuizima, inalala. Feni inanyamaza, joto linaondoka, betri inaliwa kidogo sana. Na pembeni, karibu na tundu la chaja, pana kitaa kidogo cheupe kinachowaka na kufifia, kinawaka na kufifia, mpaka utakapoifungua tena.

"Lakini kuizima kabisa ndiyo poa zaidi," akasema.

"Najua," nikamwambia. "Iwache hivyo hivyo ilale."

Kompyuta ikawa inafunguka kabla sijakaa sawa. Wasichana walishangilia. Darasa la alasiri lilikwisha, na umeme ulikatika katikati yake, na hakuna aliyejua ila feni ya darini. Nilipobaki peke yangu nilimwita mama kwa mlango wa ndani. Alishuka taratibu, akasimama mbali na meza, mikono nyuma, anaogopa kuigusa.

Nikaifunga kifuniko. Nikamwambia, "Mama, sasa hatuizimi tena. Hivi imelala. Haichemki, haifi. Wewe usibonyeze kitu, usiifunike. Kitazame kile kitaa. Kikiwa chawaka, basi nayo haikuzimwa."

Kila neno lilikuwa kweli, na bado nilijisikia kama ninayempunja mtu kwenye mizani. Nilingoja aniulize kuhusu thawabu. Nilikuwa nimetayarisha la kusema, kwamba Mwenyezi Mungu hapungukiwi na njia. Hakuniuliza. Alisogea, akainama mpaka uso ukawa karibu na tundu la chaja, akakitazama kikiwaka na kufifia kwa muda mrefu. Nje walikuwa wakiadhini magharibi.

"Ni kidogo," akasema.

Nikataka kumweleza habari za betri na umeme. Alinizuia kwa mkono, hakuondoa macho yake.

"Haidhuru. Na kaburi si kubwa."

Kisha akashika ukuta, akapanda ngazi kwenda kusali.